Sauti ya Usichana ya Tusekile

Siku hizi studio hazipokei sauti zilizozeeka. Kwa hiyo Tusekile na wenzake wa Kwaya ya Neema, waliporudi kurekodi, walirudishiwa kooni sauti zao za usichana, wakae nazo mpaka albamu ikamilike.

"Wee Subilaga, sauti mpya, lakini bado unaingia kabla ya mwalimu kuashiria!" Tusekile alimtania mwenzake.

Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Jioni Tusekile alirudi nyumbani akiimba, mwepesi kama aliye ndotoni, akampelekea uji mumewe asiyeona.

"Ni mimi, Baba Lusajo."

Mzee alitabasamu kwa adabu. "Usinitanie, binti. Unaimba vizuri, ila anayeninywesha uji ni mke wangu. Atarudi sasa hivi."

Tusekile aliketi kando yake, kijiko mkononi, wakamngoja wote wawili.