Mlo wa Nelsy

Eneida aliinusa blauzi ya binti yake kabla ya kuitia kwenye beseni la kufulia. Akainusa tena, safari hii kwenye mkono wa kulia. Nguruwe. Nguruwe wa kuokwa, na kitunguu kilicholala kwenye ndimu.

Jikoni, Nelsy alikuwa akikatakata majani ya mboga, uso mkavu kama wa mtawa.

"Umekula nini kazini leo?"

"Papai, Mama. Na yai la kuchemsha."

Eneida alirudi kwenye beseni akaisugua blauzi kama anayeiadhibu.

Sikukuu walikula, hakuna wa kukana. Tangu siku ya Bikira wa Guadalupe, katikati ya Desemba, mpaka mkate wa sikukuu ya Wafalme mwanzoni mwa Januari, nyumba yao pale Valladolid haikukosa tamale za moto, unga wa mahindi na nyama ndani ya majani, na ule mlo wa kupunguza uzito ambao Nelsy alikuwa ameuanza mvua zilipokatika ukafa kimyakimya. Januari, Nelsy akampeleka mama yake zahanati kwa sababu ya macho, yalikuwa yanaona ukungu. Daktari akasoma majibu ya vipimo, akasema uzito lazima upungue, tena upesi, maana sukari nyumba yao inaijua. Alisema hivyo akiwa ameinamia karatasi zake. Eneida akamgeukia binti yake kwa huruma. Sukari ilimchukua mumewe Fermín kidole kwanza, kisha mguu, kisha yeye mwenyewe.

"Narudi kwenye mlo," Nelsy alisema njiani. "Ila peke yangu siwezi, Mama. Ukila mkate mbele yangu, naanguka."

Mama gani angekataa? Eneida aliacha mkate. Aliacha soda, akaacha maharage ya mafuta. Kila asubuhi alivaa raba akatembea na binti yake mpaka kanisani na kurudi, akinung'unika njia nzima.

"Mimi nakusindikiza tu," alisema. "Usije ukasema sikukusaidia."

Na Nelsy hakupungua. Suruali ya kazini bado ilimbana mpaka ikafungwa kwa pini. Kiti cha plastiki bado kililia alipokikalia.

Halafu sokoni nako kukaanza mambo. Addy, muuza mikate, rafiki yake tangu watoto wao wanabatizwa, alimwona Eneida anakuja, akavuta kitambaa akafunika kapu. Mama wa keki za nazi akageukia ukutani kama aliyeitwa. Wawili waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza mpaka alipopita. Eneida aliujua ukimya wa namna ile. Ni ukimya wa watu wanaojua jambo la mtoto wako ambalo wewe hulijui.

"Kuna nini kuhusu Nelsy?" alimuuliza Addy.

"Hakuna kitu, dada yangu. Mtoto mzuri yule. Mshukuru Mungu." Na macho yakamkwepa.

Jumamosi Nelsy alisema anakwenda kwa rafiki yake kushonewa gauni. Eneida alimsubiri atoke, akavaa sketi yake ya kila siku. Sketi ikamteleza kiunoni. Aliilaani sabuni mpya kwa kulegeza vitambaa vya watu, akaikaza kwa mkanda wa marehemu, akatoka. Alimfuata binti yake mtaa kwa mtaa, kwa mbali, mwendo wa haraka, na magoti hayakumlalamikia hata mara moja. Hasira ilimpa miguu ya msichana.

Nelsy hakwenda kushonewa gauni. Aliingia sokoni kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka kibanda cha don Wilberth, muuza nguruwe wa kuokwa, akakaa kama mtu mwenye kiti chake pale. Don Wilberth hakumuuliza kitu. Alimwekea mkate uliojaa nyama, mchuzi mwekundu ukichuruzika mpaka kwenye sahani.

Eneida alingoja aume mara ya kwanza.

"Papai hilo limeiva vizuri," akasema nyuma yake.

Nelsy alitulia, mdomo umejaa. Akameza kwa shida.

"Mama."

"Baba yako nilimfunga vidonda kwa mikono hii. Natafuna majani kama mbuzi kwa ajili yako. Sijagusa mkate tangu sikukuu ya Wafalme, kwa ajili yako. Na wewe unanidanganya mchana kweupe." Sauti ikamkatika. "Unataka nikuzike na wewe?"

Machozi yakamlengalenga Nelsy, na hayo yakamtia Eneida hasira zaidi. Alivuta kiti akakaa, akaweka viwiko mezani.

"Basi, yameisha. Don Wilberth, nami niwekee. Miwili. Na usinibanie mafuta yake."

Don Wilberth hakushika kisu. Alimtazama Nelsy, kisha akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu.

"Siwezi, doña Eneida, nilishaahidi kutokuuzia. Siku ileile mliyotoka kwa daktari, binti yako alipita kibanda kwa kibanda na picha yako. Alituambia aliyeambiwa na daktari apunguze uzito ni wewe, ila mwenyewe hujajua."