Fundo la Zamda

Kila nyumba hupewa sindano ya aina moja tu ya protini, ile inayoishika DNA ya ubongo ili kumbukumbu zisipotee. Aina ya Chausiku haimfai binti yake, Zamda. Kwenye DNA ya mtoto inateleza kama sabuni, naye ameshapoteza maneno yote.

"Dada, nakuomba, tuandikie zote mbili," Chausiku alimsihi muuguzi.

"Kanuni ni kanuni, mama Zamda. Chagua moja."

"Basi andika ya mtoto."

"Na wewe je?"

"Mimi nina kanga."

Kwao wanawake hufunga fundo kwenye pindo la kanga wasisahau jambo. Alifunga moja la kuzima jiko, moja la kufunga mlango, na moja kubwa la Zamda.

Mwezi wa tatu tangu aanze sindano yake, Zamda alikuja mbio kutoka uani. "Mama! Uji unaungua!"

Chausiku alizima jiko. Kisha akalishika lile fundo kubwa, akalibana mpaka vidole vikamuuma.

"Ahsante, mwanangu," akasema, kama mtu anavyomwambia mtoto wa jirani. "Sasa nenda kwenu, mama yako asije akakutafuta."