Jino la Mwisho

Ruizhu hakuutilia maanani ule mlio. Kila mchana kibandani, Shangazi Qiu, fundi aliyemfunza kazi, akiwa amemgeuzia mgongo, kitu kililia tik, kikatulia, kikalia tena. Ruizhu alidhani ni feni.

"Mimi mkongwe, kibano kinanitosha," Shangazi alikuwa amemwambia siku ya kwanza, akimkabidhi kwa mikono miwili kinyoosheo chake: chuma cha kiganjani chenye meno kama kitana, kinachoibana miguu ya chipu iliyopinda hadi isimame wima. "Hiki ndicho kilichonilisha. Usimwazime mtu."

Katika soko lile la vifaa vya elektroniki la Shenzhen, fundi hamwachii mgeni chombo chake ila amempenda kama mwana. Ruizhu alitokwa na machozi.

Bwana Keng, mwenye kibanda, alimwahidi kazi ya kudumu iwapo wateja hawatarudisha chipu atakazonyoosha hadi Sikukuu ya Masika, mwaka mpya wa Kichina. Ruizhu akiipata, angemleta mjini bintiye Xiaoman, aliyeachwa kwa bibi kijijini huko Hunan, aanze shule akiwa naye.

"Shangazi," Keng alitania, "huyu akiiva, wewe nenda kalee wajukuu."

"Wajukuu wapi, bosi? Mimi nimezaa chipu tupu!"

Wakacheka wote watatu.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Keng alimwaga mezani chipu zilizorudishwa.

"Miguu yako, dada, imenyooka kama ya bibi harusi. Ila ikifika kwa mteja inakatika! Tazama: kila chipu, mguu wa mwisho."

"Bosi, niliikagua yote…"

"Uliikagua kwa macho ya nani? Fungasha."

Shangazi Qiu alimtetea hadi sauti ikamkauka. Keng hakugeuka.

Ruizhu alikipangusa kile chuma, akakirudisha kwa mikono miwili, kama alivyokipokea.

"Nisamehe, Shangazi. Nimekiaibisha chombo chako."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Umejitahidi."

Ruizhu alisahau kitambaa chake cha kichwa, akarudi kukichukua. Shangazi alikuwa amempa mgongo. Alitoa mfukoni kinyoosheo kingine, kipya, akabana chipu: tik. Kisha akakishika kile cha zamani, akalipapasa jino la mwisho kwa kidole gumba, akaanza kulinoa kwa tupa, lile moja tu, liwe kali kama wembe.

"Limekuwa butu," alimwambia Keng bila kuinua kichwa. "Na yule msichana mwingine anaanza kesho?"

Xiaoman alianza shule kijijini.