Wavu wa Wageni

Siku ya wageni, nyavu mbili huwatenga mahabusu na jamaa zao, na usipopaza sauti husikiki.

Asubuhi hiyo nesi alikuwa amewapima wote walioletwa wiki ile. Baba Karimi bado alibana pamba mkononi. Ng'ambo alisimama mkewe, mwenye mimba ya miezi saba.

"Sema kwa sauti, Baba Karimi."

Angeweza kuandika barua, lakini mtoto hangengoja posta.

"Nimepimwa. Nina kaswende. Shukia Runyenjes leo uende kliniki, utibiwe wewe na huyo wa tumboni."

Kelele zikakatika. Mahabusu mmoja akacheka.

"Cheka tu," akasema bila kugeuka. "Mama Karimi, umesikia?"

"Nimesikia," mkewe akajibu kwa sauti kubwa zaidi. "Na yule mwanamke mwingine, yeye umemwambia?"