Sungura wa Kulwa

Mstari wa ubongo wa sungura ulitulia siku ya nne, Nyamizi akikoroga uji. Aliuacha mwiko sufuriani, akaikodolea macho skrini ukutani, kisha akakaa sakafuni akalia kwa furaha.

Kila mtoto aliyeugua homa ya ubongo alipewa sungura wake. Sungura aliambukizwa virusi vilevile, akavalishwa nyaya kichwani, akakaa nyumbani na mgonjwa. Ugonjwa ulimwendea mbio: kilichompata leo, kilimpata mtoto keshokutwa. Sharti lilikuwa moja tu, asipewe jina, wasije wakamzoea.

Sungura amepona. Basi mwanawe Kulwa naye atapona!

Na kweli, siku mbili baadaye homa ilishuka. Asubuhi hiyo hiyo bibi afya akabisha hodi, kasha mkononi.

"Hongera, mama Kulwa. Huyu sasa tunakwenda kumpasua ubongo, tuone dawa ilivyofanya kazi. Hamkumpa jina, eti?"

"Hata kidogo."

"Mama!" Kulwa aliita kutoka chumbani. "Doto yuko wapi?"

Doto lilikuwa jina la pacha wake, aliyefariki siku waliyozaliwa. Kwenye skrini mstari wa sungura uliruka juu, kama aliyeitwa.

Bibi afya aliutazama. Alichomoa nyaya taratibu, akamtia sungura kashani, akaaga.

Nyamizi alimpelekea mwanawe uji. Kulwa aliunywa kwa pupa, na kwa kila funda mama alimshukuru Mungu. Kikombe kilipofika nusu, mtoto akamrudishia.

"Hiki mbakishie Doto."

Nyamizi akambakishia.