Nafasi Kwenye Lori

Rahabu ndiye aliyeandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Perl, iliyogawa nafasi za wakulima wa mboga kwenye lori la ushirika, pale Lushoto.

"Badilisha mpangilio wa seva," meneja wa ushirika alimwambia. "Maombi yanayotoka Mgwashi yasiende tena kwenye methodi, ile sehemu ya programu inayogawa nafasi. Yapeleke kwenye ile inayojibu kwamba lori limejaa."

"Lakini nafasi zipo, mzee."

"Nimemwekea shemeji yangu."

Vidole vya Rahabu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, ila masikio yalimwaka moto. Nje, kina mama wa Mgwashi walikuwa wameketi kando ya matenga ya kabichi, wakingoja jibu.

Aliisukuma kibodi mbele ya meneja.

"Andika mwenyewe."

Kisha akafungua mlango.

"Mama zangu, karibuni ndani! Meneja ana neno la kuwaambia."