Mwendo wa Saa Saba

"Kutoka Montreal mpaka Casablanca ni saa saba tu angani, kaka," Ghizlane alisema kwenye simu. "Mtanisubiri?"

Abdelmoula alifunga dirisha. Adhana ya alfajiri ilikuwa imetanda mtaa mzima, ikivuma hata ndani ya simu, naye hakutaka neno lake hata moja limpite dada yake.

"Kaburi halifuati ratiba ya ndege," alijibu. "Baba tunamzika leo, baada ya adhuhuri. Wewe kalale na theluji yako."

Ghizlane akauliza kama kweli hawezi kumpa hata siku moja auone uso wa baba yao. Abdelmoula akakata simu. Siku tatu mfululizo namba hiyo ya Kanada ilikuwa ikimpigia, naye akiiacha ilie mpaka inyamaze. Leo aliipokea kwa sababu alikuwa na jibu tamu la kutoa.

Habari ya msiba alikuwa ameipata muda mfupi kabla, kwa Ba Larbi, jirani wa mzee. Hata viatu hakuvaa kwanza, alitazama safari za ndege: kilomita elfu tano na mia tano, na ndege yenyewe huruka jioni. Afanye afanyalo, dada mtu angetua kesho na udongo umeshakauka. Alifurahi, wala hakuona haya. Miaka kumi na miwili tangu dada yake ahamie Kanada, mzee alikuwa na wimbo mmoja, Ghizlane, Ghizlane, na yeye aliyebaki akahesabiwa makosa. Sasa mtaa ujue kwamba binti kipenzi hakumzika baba yake.

Kutoka kwake hadi kwa mzee ni vituo viwili vya tramu. Hakuwa amekanyaga pale tangu Idi kubwa, walipogombana.

Alikuta maji ya kuoshea yameshapashwa moto. Wanawake walikuwa wameshamuaga maiti na kupanda ghorofani, kilio chao kikisikika. Ndevu za mzee zilikuwa zimepunguzwa vizuri, na kucha zimekatwa. Abdelmoula alidhani ni kazi ya Ba Larbi.

Ba Larbi alimvuta kando, akamwuliza kama hawezi kumsubiri ndugu aliye mbali.

"Aliye mbali ameuchagua umbali wake," Abdelmoula alisema kwa sauti, ili wanaume wote wasikie.

Ba Larbi akatazama ngazi ya ghorofani.

Wakamswalia, wakamzika. Pale makaburini mkate na tini kavu vikagawiwa kama kawaida. Abdelmoula alipokea pole kwa mikono miwili, na kila aliyemwulizia Ghizlane aliambiwa kwamba Ulaya na Kanada huwasahaulisha watu wazazi wao.

Aliporudi nyumbani kwa mzee, alimkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, macho yamemvimba, mkasi mdogo wa ndevu mkononi. Ilimchukua muda kumtambua dada yake.

"Hii siku ya nne niko hapa," Ghizlane alisema, bila kupandisha sauti. "Simu zote nilikupigia kutoka humu ndani uje umwone, ya leo tu nilikupima. "Baba alikuwa akikuulizia wewe, mpaka pumzi ya mwisho. Nilimwambia uko ndegeni, saa saba tu, utafika."